Kalori 400 za Nani?

Mwezi wa tatu mwaka jana sistangu alianguka steji. Hakuzimia kabisa, magoti ndiyo yalikataa. Mama mmoja anayechoma mahindi pale alimkalisha kwenye kreti la soda akampa chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Nilipofika mbio alikuwa anacheka ile kicheko ya aibu, na mkononi saa bado ilikuwa imewaka: kalori 400.

Hiyo saa ni mimi niliileta nyumbani. Kwa hivyo hii posti ni historia, lakini pia ni kuomba msamaha. Mvumilie.

Niliinunua mtumba, saa pamoja na mkanda wake wa kufunga kifuani, wasee wa kukimbia wanaujua. Mimi niliitumia wiki mbili nikachoka. Sistangu hakuchoka. Alikuwa anatoka Kaptembwo asubuhi kabla matatu hazijajaa barabarani, anapita Rhonda, anarudi. Nusu saa. Jioni nusu saa tena. Kila mbio saa inaandika karibu 400. Akapiga hesabu ambayo wote tumeiona mtandaoni, kwamba kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Kalori 800 kwa siku, siku kumi, kilo moja imeenda. Simpo.

Haikuenda. Alikuwa anajipima kwa kemisti kila Jumamosi na ile mizani haisongi. Sasa sikia mahali mambo yaliharibika: hakushuku saa, alijishuku mwenyewe. Alisema, "Brathe, mashine haiwezi kudanganya. Ni mimi nakula sana." Akaacha chakula cha jioni. Baadaye asubuhi ikawa ni strungi pekee. Sisi kwa nyumba tulikuwa tunaona, tukadhani ni nidhamu. Mathe hata alimsifu. Halafu ikafika ile siku ya steji.

Nilikaa chini nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza siku ninanunua. Hii namba inatoka wapi? Si kwenye saa. Kabla ya saa. Nani alikuwa wa kwanza kusema mtu amechoma kitu, na alijuaje?

Jibu linaanzia Paris, na kamnyama kadogo kama sungura ambaye Mungu alimnyima masikio. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimweka huyo mnyama ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji yaliyotoka barafu ikiyeyuka. Walitaka kujua joto la mwili ni kiasi gani, na kama kupumua ni aina fulani ya kuungua, kama mshumaa, ila polepole. Walikuwa sahihi. Kila kiumbe anayepumua ni jiko linalowaka taratibu. (Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, lakini kwa sababu ya kazi yake ya kukusanya ushuru, si kwa sababu ya mnyama.)

Ruka miaka mia. Kwenye miaka ya 1890, Mmarekani Wilbur Atwater alijenga chumba cha kupimia watu wazima, pale Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut. Kilikuwa na upana wa futi 4 hivi na urefu wa futi 7 hivi. Wewe unayelalamika kuhusu singo yako ya kumi kwa kumi, fikiria mtu anaingia humo siku kadhaa, analala humo, anakula kupitia kitundu, anaendesha baiskeli isiyoenda popote, na nje watu wanapima joto lake lote na hewa yake yote. Hapo ndipo kalori za binadamu zilianza kuhesabiwa sawasawa. Na kitu kimoja kilithibitika ambacho mpaka leo ndicho msingi: ukijua mtu ametumia oksijeni kiasi gani, unajua amechoma kiasi gani. Lita moja ya oksijeni ni kama kalori 5. Ukitaka ukweli, pima pumzi.

Sasa angalia saa yako. Iko na bomba la kupima pumzi? Haina.

Inapima moyo. Na hapo, kusema haki, inapima poa sana. Mwaka 1977 Seppo Säynäjäkangas alianzisha kampuni ya Polar karibu na Oulu, Finland, na mwaka 1982 wakauza kifaa cha kwanza cha kuvaa kinachotuma mapigo ya moyo bila waya, kutoka kifuani hadi mkononi. Mkanda unasikia umeme wa moyo wenyewe. Ukiambiwa 150, ni 150 kweli, au karibu sana. Zile saa za taa ya kijani hukisia zaidi kidogo, lakini pia si mbaya.

Shida ni ile hatua inayofuata, kutoka mapigo kwenda kalori. Ukifanya kazi ngumu zaidi misuli inataka oksijeni zaidi, na moyo unapiga haraka zaidi kuipeleka, kwa hivyo hivyo viwili hupanda pamoja. Lakini kila mtu hupanda kwa mlima wake. Moyo wa mtu aliyezoea mazoezi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hivyo hupiga mara chache kwa kazi ile ile. Saa haijui mlima wako. Inachukua mlima wa watu wengine na kukupa.

Wewe unayeishi kwa ploti unaelewa hii vizuri kuliko mhandisi yeyote. Mita ya maji iko moja pale getini, milango iko kumi na miwili. Mwisho wa mwezi landilodi anachukua bili anagawanya kwa kumi na mbili. Wewe ulikuwa ushago wiki mbili, jirani ana watoto watano na anafua nguo za watu, mnalipa sawa. Bili ya getini si uongo. Lakini hiyo yako si bili yako.

Kampuni nyingi huficha hesabu zao. Lakini kuna moja iko wazi kabisa, ilitengenezwa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2005, mtafiti wa kwanza kwenye orodha akiwa Keytel. Walichukua watu 115 wanaofanya mazoezi mara kwa mara, wa miaka 18 hadi 45, wakawapima pumzi na moyo wakiwa wanafanya mazoezi, wakatoa fomula. Unaweka mapigo, uzito, umri, na jinsia. Basi.

Niliiweka kwenye simu nikacheza nayo usiku mzima. Mtu wa miaka 20, kilo 60, moyo unapiga 150, nusu saa. Nikiandika mwanaume: kalori 398. Nikiandika mwanamke: 291. Mwili ule ule, moyo ule ule, barabara ile ile. Herufi moja tu imebadilika na kalori 107 zimepotea hewani.

Nikaenda kuangalia saa. Sistangu alikuwa amebadilisha umri na uzito siku ya kwanza, lakini jinsia ilikuwa imejificha ukurasa mwingine na hakuifikia. Ilibaki ya yule jamaa aliyeiuza. Miezi miwili sistangu alikuwa anakimbia kama mwanaume na kulala njaa kama yeye mwenyewe.

Nikaendelea kucheza. Nikaweka mapigo 95, ile moyo ya kuangalia penalti ukiwa umekaa kwa kochi. Fomula ikasema mwanaume huyo huyo anachoma karibu kalori 5 kwa dakika, 300 kwa saa. Kwa kukaa! Mtu aliyekaa anatumia kama moja na kitu kwa dakika. Wenye fomula hawakuwa wajinga, waliitengeneza kwa mazoezi. Ni sisi tunavaa hizi vitu kutwa nzima, na moyo hupanda kwa sababu mia: hofu, jua, kahawa, homa, mtu fulani amekutumia meseji. Misuli haijafanya kitu.

Na kuna jambo lingine dogo ambalo hakuna mtu huambia wanunuzi. Zile 291 zenyewe zina kalori ambazo ungechoma hata ukilala. Msichana wa saizi ya sistangu hutumia karibu kalori moja kwa dakika akiwa amelala tu. Hiyo nayo ilikisiwa kwa watu: fomula maarufu ya mwili uliopumzika, ya Harris na Benedict, ilitoka Marekani mwaka 1919 kwa wanaume 136 na wanawake 103, na programu nyingi za simu bado zinaitumia au zinatumia wajukuu wake. Toa 30 za kupumzika kwenye nusu saa. Ile 400 imebaki kama 260. Na bado hatujatoka nje ya nyumba.

Tukitoka nje tunakutana na Nakuru yenyewe, mita karibu 1,850 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi. Mleteni kazini wenu kutoka Mombasa akimbie na nyinyi mbio ile ile, moyo wake utapiga zaidi kuliko ungepiga kule Nyali, na saa itamsifu kwa kalori ambazo hakuchoma. Sisi tumezoea kiasi. Saa haiulizi.

Sasa nifike kwa ile sehemu iliyonifanya niandike haya yote, kwa sababu hii historia si ya Paris na Finland peke yake. Ilipita hapa Kenya.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao jina la kwanza ni Geoffrey Maloiy, mwanasayansi Mkenya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa na wenzake kama Norman Heglund na Richard Taylor. Walichukua wanawake wachache, Waluo wanaobeba mzigo kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Wakawatembeza juu ya mashine, wakiwa na mizigo, na kupima pumzi. Si kukisia moyo. Pumzi.

Hesabu ya kawaida inasema ukiongeza mzigo, unaongeza gharama. Wanajeshi wenye mikoba mgongoni huwa hivyo. Lakini hawa mama walibeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni zaidi. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 na mwili wake unalipa kama vile hajabeba kitu. Baada ya hapo gharama ilianza kupanda, na bado ilikuwa chini ya ile ya wanajeshi. Mwaka 1995 Heglund na wengine walieleza sehemu ya siri: ni mwendo. Tukitembea mwili hupanda na kushuka kama pendulamu, na kila hatua tunapoteza nguvu kidogo njiani. Wale mama wakiwa na mzigo walikuwa wanapoteza kidogo zaidi ya kidogo. Ni ujuzi wa kuanzia utotoni.

Si kila mahali imeonekana hivyo. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wanawake Waxhosa kule Afrika Kusini na hawakuona hiyo bure kwa wote, wengine walikuwa nayo na wengine hapana. Kwangu hiyo inakazia tu: mtu na mtu.

Shosho yangu, upande wa Njoro, ana ule mfereji kwenye paji la uso. Ukiweka kidole unauhisi. Nilikuwa nadhani ni uzee. Ni miaka ya kuni na maji. Na kabla mtu hajaniandikia hapa chini ati kumbe kubeba maji si kazi, tulia. Waliopimwa ni oksijeni. Hakuna mtu alipima shingo. Wale mama wa mtaani wanaopandisha mtungi wa lita 20 siku bomba zimekauka wamepita zamani hiyo asilimia 20, na uchovu si kalori, hata kama tumezoea kuutafuta huko.

Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, kuna hadithi kubwa zaidi. Wahadza wanaishi karibu na Ziwa Eyasi, na baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitaka kujua watu hawa wanachoma kiasi gani kwa siku. Wanaume walikuwa wanatembea karibu kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia namba kubwa.

Hawakutumia mkanda. Walitumia maji. Unakunywa maji yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha mkojo wako unapimwa kwa siku kadhaa. Hidrojeni inatoka kwa maji peke yake, oksijeni inatoka kwa maji na pia kwa pumzi. Tofauti kati ya hizo mbili inaonyesha umetoa pumzi kiasi gani, na ukijua pumzi unajua kalori. Ni Lavoisier yule yule, amevaa nguo mpya.

Matokeo yalitoka mwaka 2012. Wanaume kama kalori 2,650 kwa siku, wanawake kama 1,880. Ukilinganisha watu wa saizi moja, ni sawa na Mmarekani au Mzungu anayeshinda ofisini. Sawa! Mtu anayewinda na mtu anayebonyeza kompyuta. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kwa miguu, unabana mahali pengine ndani ambako hakuna saa inayoona. Wanasayansi bado wanabishana mwili hubana kiasi gani na kwa nani, lakini ile hesabu ya sistangu, kwamba kila 400 inajumlishwa juu kama pesa kwa M-Pesa, haiko tena.

Na mwili ukinyimwa chakula huku unakimbizwa, unabana vibaya. Nesi aliyemwona sistangu alimuuliza swali la kwanza kuhusu hedhi, kabla hata ya kumuuliza alikula nini. Mimi nilitolewa nje. Baadaye nilisoma nikaelewa kwa nini: ni moja ya vitu vya kwanza mwili huzima.

Kuna watu watasema, lakini wakimbiaji wetu si ni wembamba na hawali sana? Walipimwa pia, kwa yale maji. Mwaka 2006 utafiti wa wakimbiaji tisa wa kiwango cha juu hapa Kenya, karibu na wakati wa mashindano, ulionyesha wanatumia karibu kalori 3,500 kwa siku na wanakula kidogo chini ya hapo. Miaka miwili kabla, Vincent Onywera na wenzake walikuwa wameonyesha zaidi ya robo tatu ya kalori zao inatoka kwa wanga. Ugali, bana. Hakuna mtu huko Iten anajinyima ugali kwa sababu mkono umemwambia.

Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Kwa mapigo, sita kati ya saba vilikosea chini ya asilimia 5. Kwa kalori, kile bora kabisa kilikosea kwa asilimia 27, na kibaya kabisa asilimia 93. Asilimia 27 ya 400 ni 108. Hicho ndicho kizuri zaidi kati ya saba. Nilimsomea sistangu hiyo tukiwa jikoni. Alinyamaza kidogo akauliza, "Na kwa nini wanaandika mia nne na mbili? Si waandike karibu mia nne?" Sikuwa na jibu. Mtu akikwambia 402 unamwamini kuliko anayekwambia karibu 400, ingawa wote wamekisia.

Tulibadilisha jinsia kwenye saa. Mbio ile ile, moyo ule ule, ikaandika chini ya 300. Nilidhani atafurahi kwamba si yeye alikuwa na makosa. Alikasirika. Alikaa na hasira siku mbili, na mimi ndiye nilikuwa karibu, kwa hivyo nilizipokea zote.

Desemba tulienda Njoro. Tulimfunga shosho ule mkanda kwa utani, akatoka shambani na kuni mgongoni, mukwa kwenye paji. Moyo wake ulikuwa chini kuliko wangu, na mimi nilikuwa nimebeba simu tu. Tukamwonyesha kalori zake. Akavaa miwani, akatazama, akauliza, "Na hii inajua kuni ni ngapi?"

Sistangu aliirudisha saa kwa mkono wake. Kuna mahali kwenye menyu unaweza kuondoa ukurasa wa kalori kabisa, ilituchukua kama nusu saa kuupata. Sasa inaonyesha mapigo na saa ngapi. Chakula cha jioni anakula, na akichelewa kula mathe anamwita kwa jina lote. Jumapili iliyopita tulikimbia pamoja mpaka Rhonda na kurudi. Moyo wake 148, wangu 171. Aliniacha pale kona ya mwisho.